Faini za mwendo kasi kutoka Tunduma hadi Kolwezi: kwa nini hazifanani, na nani anapaswa kuzilipa?

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu wa barabarani na wa ofisini, nawasalimu wote. Nina kamyo mbili zinazobeba mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na migodi ya huku kwetu, na kila safari inapoisha dereva huniletea bahasha yenye karatasi zote za njiani ili tufanye hesabu. Katika bahasha ya safari iliyopita nimekuta kosa la mwendo kasi limejirudia katika nchi zote tatu, na kila nchi imelishughulikia kwa namna yake.

Karatasi ya Tanzania imechapwa kwa mashine. Ina namba ya gari, mahali, saa, kasi iliyopimwa na kiasi cha shilingi 30,000. Risiti ya Zambia ni ya kwacha, ina jina la dereva mwenyewe, na inaeleza kwamba amekiri kosa. Kwa upande wetu hakuna karatasi yoyote. Dereva anasema kwamba baada ya kuvuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, alisimamishwa mahali, akaambiwa kwamba alikuwa anakimbia, akatoa dola, akaruhusiwa kuendelea. Nilipomuuliza walimpima kwa chombo gani, alinijibu kwamba hakuona chombo.

Sikuja hapa kumtuhumu mtu, kwa kuwa sikuwepo. Ninataka kuelewa. Barabara ni moja, gari ni lile lile na dereva ni yule yule, sasa inakuwaje kosa moja lipewe sura tatu? Je, hata ndani ya nchi yetu sheria hubadilika mtu anapotoka jimbo la Haut-Katanga na kuingia jimbo la Lualaba, maana kamyo zangu hufika hadi Kolwezi? Swali linaloninyima usingizi ni la malipo. Shemeji yangu ananishauri nimkate dereva fedha zote kwenye mshahara. Mume wangu anasema kwamba gari ni letu na hasara yake ni yetu. Ninaomba jibu la mtu anayejua, si la hasira.

Dereva wa Tunduma

Shikamoo Mama, na pole kwa kazi. Njia hiyo ni kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitaeleza kile ninachokijua kwa upande wa Tanzania na Zambia, na ya Kongo nitawaachia wenyewe.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kwa magari yote. Lori na basi lenye uzito unaozidi tani tatu na nusu haliruhusiwi kuzidi 80 hata pale barabara inapokuwa nyeupe na tupu. Kwa hiyo, dereva wa lori ana vikomo viwili kichwani, na anayekamatwa mara nyingi ni yule anayechelewa kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Ukitoka Makambako kuelekea Mbeya vijiji vimefuatana kando ya lami. Kibao cha 50 kinakukuta ukiwa kwenye mteremko, na lori lenye mzigo mzito halishuki kutoka 80 hadi 50 kwa kugusa breki mara moja. Askari mwenye tochi, yaani kile chombo cha kupimia kasi, anajua hivyo na husimama karibu na hapo. Mara nyingi huyo anayepima siye anayekusimamisha. Picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliyeko mbele, na ukifika kwake unaonyeshwa kichwa cha lori lako, namba yako ikisomeka, na kasi imeandikwa pembeni. Hapo ubishi huisha, na kusema kweli ninaona ni haki, kwa sababu mtu unaonyeshwa ulichokifanya.

Udhaifu wa mfumo wetu uko katika kiasi. Aliyepita kwa 56 na aliyepita kwa 79 katika kijiji kile kile wote wanaandikiwa 30,000. Dereva akishajua hivyo, anajua pia kwamba akishavuka 50 hana sababu ya kujizuia tena. Kuna na hizi taa tunazowashiana ili kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Tunaziona kuwa wema kati ya madereva, lakini zinaokoa faini tu, hazimwokoi mtoto anayevuka barabara akitoka shuleni kwenye kijiji ambacho siku hiyo hakina askari.

Jambo linalokuhusu wewe hasa ni kwamba deni la Tanzania linaandikwa kwenye namba ya gari. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na usipolipa deni linabaki pale pale. Mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya polisi na kuliona. Dereva anaweza kuhamia kwa tajiri mwingine mwezi ujao akaliacha deni likiwa limelala juu ya lori lako, nawe ukaligundua siku askari mwingine anapolikagua njiani.

Zambia ni tofauti. Barabarani utawakuta polisi na pia watu wa RTSA, wakala wa usafiri na usalama barabarani uliotokana na Sheria ya Barabara ya 2002. Faini zao zimeandikwa katika sheria kwa vizio vya adhabu wala si kwa kwacha, na thamani ya kizio kimoja hupangwa kwingine, hivyo faini zinaweza kupanda zote kwa pamoja bila sheria ya barabara kuguswa. Ukikamatwa una njia mbili: kukiri, kutia sahihi na kulipa, au kukataa na kwenda mahakamani. Mgeni mwenye mzigo wa Lubumbashi hana muda wa kungojea tarehe ya mahakama, kwa hiyo hukiri. Ndiyo maana risiti uliyoiona ina jina la dereva wako. Pale aliyekiri ni yeye, lori halikukiri kitu.

Nikivuka Kasumbalesa mimi hupunguza mwendo hata bila kuambiwa. Huko nyuma kote tumeendesha kushoto, na sasa tunahamia kulia. Usukani wangu uko upande wa kulia wa lori, kwa hiyo Kongo ninakaa upande wa ukingo wa barabara, na gari linalokuja mbele siwezi kuliona mpaka nitoe kichwa kizima cha lori nje ya mstari. Utingo ndiye anayekuwa jicho langu. Anayekimbia katika hali hiyo hahitaji tochi ili aadhibiwe.

Mama wa Katuba

Marahaba mwanangu, umenifungua macho. Sikuwa najua kwamba deni la Tanzania limelala juu ya gari, na leo hii nitamwomba kijana wangu aangalie kwenye hiyo tovuti. Sasa ninawaomba wanasheria wa hapa mjini wanisaidie kwa upande wetu.

Wakili wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, heshima kwako. Nitajibu kwa mpangilio wa maswali yako.

Kanuni za barabarani za Kongo ziko katika Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na sheria hiyo ni ya taifa zima. Hadi mwaka 2015 Lubumbashi na Kolwezi zilikuwa katika jimbo moja la Katanga. Jimbo hilo lilipogawanywa katika majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kilichobadilika ni utawala na kodi, kama vile vinyeti, ambayo ni kodi ya jimbo kwa magari, pamoja na malipo mengine ambayo kila serikali ya jimbo inajipangia. Kosa la mwendo kasi halikugawanywa. Lililo kosa Likasi ni kosa Kolwezi, na mtu akikwambia kwamba «hapa kwetu Lualaba mwendo una bei yake», mwombe kwa upole akuonyeshe andiko linalosema hivyo.

Hata hivyo, ninaelewa kwa nini watu huamini kwamba sheria inabadilika njiani. Mahali pasipo chombo cha kupima, mwendo hukadiriwa kwa macho, na macho ya mtu mmoja hayafanani na ya mwingine. Ofisa mmoja ataona kamyo inakimbia, na mwingine, kilomita 10 mbele, ataiona inatembea. Sheria yenyewe inampa ofisa nafasi hiyo, kwa kuwa haimtaki dereva aheshimu kibao peke yake. Inamtaka alinganishe mwendo na hali ya njia, mzigo wake, vumbi, mvua na watu walioko kando. Sharti hilo ni zuri, na katika barabara ya Kasumbalesa, ambako baiskeli za makaa, wachuuzi na makamyo ya tani nyingi vinagombania ukingo mmoja, ni sharti linalookoa maisha. Lakini sharti la namna hiyo likikosa kipimo na karatasi linageuka kuwa mazungumzo ya bei.

Sasa kuhusu dola alizotoa dereva wako. Mwenendo wetu wa makosa ya jinai, ule wa tarehe 6 Agosti 1959, unaruhusu kosa dogo limalizwe kwa amandi, yaani faini, ya makubaliano: mhusika analipa, na kesi inakufa. Lakini fedha hiyo ni ya Hazina ya Umma. Inaambatana na PV, yaani hati rasmi ya ofisa inayoeleza kosa, na hati ya malipo inayopelekwa benki. Pasipo vitu hivyo hakuna amandi machoni pa sheria, na kesi haikufa, kwa sababu haikuzaliwa. Wiki ijayo dereva huyo huyo anaweza kuulizwa tena juu ya jambo lile lile, naye hana cha kuonyesha. Mfundishe maneno mawili ayaseme kwa adabu, bila kupandisha sauti: «Ninaomba PV» na «Ninaomba hati ya kulipia benki». Wakati mwingine atacheleweshwa kwa sababu ya maneno hayo. Panga muda huo katika safari, maana ni sehemu ya gharama ya kufuata sheria.

Kuhusu nani alipe, Katiba ya 2006, ibara ya 17, inasema kwamba wajibu wa jinai ni wa mtu binafsi, na hakuna anayeshtakiwa kwa tendo la mwingine. Kwa hiyo amandi ya mwendo kasi ni ya aliyeshika usukani. Jambo la fidia ni jingine. Kamyo yako ikimgonga mtu, ibara ya 260 ya kitabu cha tatu cha Sheria ya Madeni inakufuata wewe uliyemtuma dereva kazini. Halafu kuna mshahara, na hapo ninakusihi usimsikilize shemeji yako haraka. Sheria ya Kazi namba 015/2002 haimwachii mwajiri uhuru wa kukata mshahara anavyotaka. Inataja makato yanayokubaliwa, na mengine yote imeyafunga. Mkataba ulioandikwa vizuri, unaoeleza mapema posho ya njiani na nani anabeba faini iliyothibitishwa kwa karatasi, utakulinda kuliko kalamu nyekundu ya mwisho wa mwezi.

Mtoto wa Ruashi (Liège, Ubelgiji)

Mama, salamu kutoka Liège. Huenda ikakupa moyo kusikia kwamba hata huku, katika nchi ndogo kama Ubelgiji, mambo hubadilika kutoka eneo hadi eneo, tena kwa sheria kabisa. Mamlaka ya kuweka vikomo vya mwendo yalihamishiwa kwa maeneo matatu ya nchi. Mimi ninaishi Wallonia, ambako nje ya makazi kikomo cha kawaida ni 90. Tongeren iko kilomita 20 hivi kutoka hapa, lakini iko Flanders, na huko tangu tarehe 1 Januari 2017 kikomo cha barabara za namna hiyo ni 70. Hawaweki kibao kila mahali. Kibao kikubwa kiko mpakani mwa eneo, na ukishakipita unahesabiwa kuwa umejua. Brussels nayo, tangu tarehe 1 Januari 2021, imeweka 30 kuwa kikomo cha kawaida mjini, isipokuwa barabara zilizotajwa.

Faini zenyewe ni za nchi nzima, na hapo ndipo ninapomwelewa ndugu wa Tunduma anapolalamikia kiasi kisichobadilika. Huku kilomita 10 za kwanza za kuzidisha zinagharimu euro 53. Baada ya hapo kila kilomita inaongeza euro 11 ndani ya makazi, katika maeneo ya 30 na karibu na shule, na euro 6 kwingineko. Anayezidisha kwa 20 mjini analipa 163, na aliyezidisha vivyo hivyo barabara kuu analipa 113. Ukizidisha zaidi ya 30 mjini, au zaidi ya 40 nje, kuna mahakama, na perimi (leseni ya udereva) yenyewe iko hatarini. Kamera haihesabu kasi iliyoisoma moja kwa moja. Hupunguzwa kwanza kilomita 6, au asilimia 6 kama umepita 100, ili kasoro ya chombo isikuangukie wewe. Katika barua utaona namba zote mbili, iliyopimwa na iliyosahihishwa, na barua huja kwa mwenye plake (namba ya gari), ambaye anaweza kumtaja aliyekuwa anaendesha.

Wafaransa, majirani zetu, wamekwenda mbali zaidi katika hilo la kumtaja. Kwao perimi ina pointi 12 zinazokatwa kwa makosa, kwa hiyo swali la nani alishika usukani lina uzito kuliko fedha. Tangu 2017 kampuni yenye gari hulazimika kumtaja dereva wake, isipomtaja inaongezewa faini nyingine. Finland inaangalia mfuko: faini ya kosa kubwa inapimwa kwa kipato. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland aliyekutwa na 82 mahali pa 50 alitozwa euro 121,000.

Nikitazama mifano hii yote ninaona kwamba nchi hazitofautiani sana katika kusema mwendo gani ni mkubwa. Zinatofautiana katika kuchagua adhabu ishike nini: gari, perimi au kipato. Mama, swali lako la nani alipe limejibiwa nusu na karatasi yenyewe. Tazama imeandika nini juu: plake au jina.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Ninaongeza kidogo tu. Sisi wa Bukavu tukivuka kwenda Rusizi na kuendelea hadi Kigali, tunaingia katika nchi ya kamera. Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia, na ukipita vibaya ujumbe unafika kwenye simu ya mwenye gari kabla safari haijaisha. Mabasi ya abiria yamefungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi 60, kwa hiyo dereva wa basi hana hata nafasi ya kushawishika. Mwaka 2021 watu walilalamika sana kwamba kamera zilifichwa mahali palipowekewa 40 pasipo sababu ya wazi, mpaka Rais Kagame mwenyewe akaingilia mjadala huo mtandaoni, na vikomo vikaangaliwa upya. Ninaliheshimu jambo hilo. Ukali wa kupima ukizidi, kibao nacho kinapaswa kuwa na maana, la sivyo watu wanaacha kukiheshimu.

Kenya walichagua ngazi, kwa kanuni za 2016. Kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Yule wa kilomita 7 haumizwi kama yule wa 19. Ningependa kuona ngazi ya namna hiyo kwetu, ikiandikwa ukutani kila kituo, kwa Kiswahili, ili mama muuza samaki na dereva wa kamyo waisome wote.

Mama wa Katuba

Ninawashukuru sana. Nimeangalia kwenye tovuti na nimekuta namba ya kamyo ya pili ina deni la zamani, la dereva ambaye hayupo tena kwangu. Nitalilipa, kwa sababu limeshika gari langu. Ya Zambia nitazungumza na dereva, kwa kuwa yeye ndiye aliyetia sahihi, lakini sitagusa mshahara wake kabla hatujaandika mkataba kama Wakili alivyosema. Fedha zilizotoka bila karatasi sitamdai safari hii, ila kuanzia sasa ataomba PV, na akichelewa kwa sababu hiyo sitamgombeza.

Dereva wa Tunduma

Mama, kwa heshima, kuna jambo moja zaidi ambalo dereva wako huenda anaogopa kukwambia. Foleni ya Kasumbalesa inaweza kutula siku nzima, wakati mwingine zaidi, na tajiri anapopiga simu kuuliza kwa nini mzigo haujafika, dereva huzitafuta saa hizo katika mguu wake wa kulia. Hata kabla ya mpaka, tangu Chingola, anakimbia ili awahi nafasi kwenye mstari. Kama tarehe ya kufikisha mzigo unaihesabu kuanzia siku ya kupakia bandarini, unamdai saa ambazo mpaka umezila. Ukiihesabu upya kuanzia siku aliyogongewa mhuri wa kuingia Kongo, utaona karatasi za mwendo kasi zikipungua katika bahasha bila kumkata mtu hata faranga moja.

Mama wa Katuba

Umesema kweli, mwanangu, maana simu hizo huwa ninazipiga mimi. Kamyo ya kwanza inapakia Jumatatu, na mkataba wa safari hiyo utahesabu kuanzia mhuri wa Kasumbalesa. Wakili, nitapita ofisini kwako wiki hii ili tuandike kifungu cha faini na posho ya njiani kabla dereva hajaondoka.